Pazia, jina la siri au maisha mapya: shahidi achague kinga ipi?

"Usiwe na wasiwasi, mama, jina lako halitatoka."

Wapelelezi husema hivyo kila siku, na wengi wao husema kwa nia njema. Ni mashahidi wachache wanaorudisha swali: "Halitatoka kwa nani, mwanangu?" Kwa magazeti? Kwa mshtakiwa? Kwa wakili wake? Kwa jirani wa mlango wa pili? Kisheria hayo ni maswali manne, na kila moja lina jibu lake. Aliyeahidiwa siri bila kuambiwa inaishia wapi hajaahidiwa kitu.

Naandika kwa ajili ya mtu anayejua jambo na amekwama njia panda. Apige simu bila kujitaja kisha anyamaze? Akubali kusimama kortini kwa jina la bandia? Au aingie katika mpango wa kulinda mashahidi, ahame, aanze upya? Nitakaa zaidi Kenya, kwa kuwa huko kuna chombo kilichoundwa kwa kazi hiyo tu: Shirika la Kulinda Mashahidi, lililozaliwa na marekebisho ya mwaka 2010 ya Sheria ya Kulinda Mashahidi ya 2006. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, nami nitaigusa pale inapokwenda njia yake.

Vipimo kabla ya majina

Kipimo cha kwanza nimekwisha kukitaja: unafichwa dhidi ya nani. Ikiwa unayemhofia ni mshtakiwa anayeijua sura yako na mlango wako, kuwatoa waandishi wa habari nje ya korti hakukuongezei usalama wowote. Ikiwa hakujui kabisa, herufi mbili badala ya jina zaweza kutosha.

Cha pili ni nani anayetoa kinga hiyo, na nani anaweza kuiondoa. Cha tatu ni mahali inapovuja, maana kila moja ina tundu lake. Cha nne ni gharama yake kwa maisha ya kawaida: kazi, shule ya watoto, chama, maziko. Na cha tano, ambacho watu hukisahau kwa sababu ya hofu, ni uzito utakaobaki katika maneno yako ukiyatoa kwa njia hiyo. Unaweza kujificha vizuri sana, halafu mshtakiwa akaachiliwa kwa kuwa hakuna aliyesikika.

Njia ya kwanza: kutoa taarifa bila kujitaja

*Siri dhidi ya nani.* Dhidi ya wote, pengine hata dhidi ya anayepokea taarifa. Nchini Kenya, sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 inasema shahidi yeyote katika kesi ya ufisadi hawezi kulazimishwa kumtaja aliyeipa tume ya kupambana na ufisadi habari, na korti inatakiwa kuhakikisha maneno yanayoweza kumfichua yameondolewa kwenye nyaraka. Sheria ya Hongo ya 2016 ikaongeza makali: anayemfukuza kazi, kumhamisha kwa kumkomoa au kumtisha mtoa habari anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, kufungwa muda usiozidi mwaka 1, au vyote viwili. Uganda wana sheria yao ya 2010, yenye kivutio ambacho majirani hukitazama kwa husuda kidogo: mtoa taarifa anaweza kupewa asilimia 5 ya fedha zitakazorudishwa.

*Anayeamua.* Mwanzoni ni wewe peke yako, na huo ndio utamu wake. Lakini ile sheria ya 2003 imeacha mlango wazi. Korti ikiona haki haiwezi kutendeka pasipo jina lako, inaweza kuamua lijulikane.

*Inapovuja.* Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Unachukua simu yako unapiga 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa Tanzania, au 1551 ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi Kenya, unakataa kutaja jina, unakata. Laini ile uliisajili wewe. Tanzania umeisajili kwa alama za vidole. Sisemi kwamba wanaopokea watakufuata. Nasema tu kwamba hapo hukujificha, bali ulinyamaza. Mifumo ya mtandaoni inayokupa sanduku la siri la kurudi kusoma majibu ni bora, ila usiifungulie kwenye kompyuta ya ofisi unayoishtaki.

Tundu la pili ni kubwa kuliko la simu, nalo ni maudhui. Kama vocha ya malipo hupita mikononi mwa watu watatu, na wawili kati yao ndio wanaogawana fedha, ukituma nakala ya vocha umetuma na jina lako. Ndiyo maana nawashauri watu wasitume karatasi ambayo ni wao tu wanaoweza kuipata, angalau si katika barua ya kwanza. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyetoa nyaraka za kashfa ya ufisadi ya Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakuwa na sheria yoyote ya kumficha. Alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, na mashtaka yalipoondolewa kazi ilikuwa imekwenda. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini. Sheria za leo zingemsaidia kwa kiasi fulani, lakini dawati lake lingemtaja hata leo.

*Inachokugharimu.* Ukiwa makini, karibu hakuna. Kesho unaenda kazini kama jana.

*Uzito.* Mdogo. Taarifa si ushahidi. Inamwonyesha mpelelezi pa kuchimba, lakini lazima akutane na mtu mwingine au waraka mwingine utakaosimama kortini. Kwa jambo linaloacha karatasi, kama zabuni au mishahara hewa, hilo laweza kutosha. Kwa mauaji uliyoyaona peke yako, halitoshi.

Njia ya pili: kinga ndani ya mahakama

Hii ndiyo njia ya kati, nayo hutumika zaidi ya watu wanavyodhani. Sheria ya Kenya inazitaja hatua zake: kusikiliza kesi kwa faragha, kutumia jina la bandia, kufuta kwenye nyaraka chochote kinachomtambulisha shahidi, ushahidi kwa njia ya video, na kuificha sura au kuibadilisha sauti. Katiba yenyewe, katika ibara ya 50(8), inaruhusu umma na wanahabari kutolewa nje ili kulinda mashahidi. Mtoto, au aliyetendewa kosa la kingono, ana mlango wake chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na si lazima kwanza athibitishe kuwa kuna genge linalomwinda.

*Siri dhidi ya nani.* Kwa kawaida, dhidi ya umma. Sentensi hiyo fupi ndiyo ambayo shahidi angepaswa kuambiwa kabla ya chai. Ibara ileile ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kuujua mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake na kuupinga, kwa hiyo mara nyingi yeye na wakili wake watajua ni nani aliye nyuma ya pazia.

Hata Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague huenda hivyo. Septemba 2013, katika kesi ya William Ruto na mtangazaji Joshua Sang kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007, shahidi wa kwanza aliitwa P-0536. Sura ilifichwa, sauti ilibadilishwa, pazia likashushwa. Upande wa utetezi ulijua ni nani. Umma haukutakiwa kujua, lakini mara tu alipoanza kusema, watu mitandaoni walianza kurushiana jina waliloamini ni lake, hadi Jaji Chile Eboe-Osuji akalazimika kuonya kwamba kumfichua shahidi anayelindwa ni kosa. Kuvuruga mashahidi wa mahakama hiyo kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5. Onyo lilikuja, ila jina lililotajwa halirudishwi mfukoni. Kesi yenyewe ilifutwa Aprili 2016, na Eboe-Osuji katika uamuzi wake alilalamikia waziwazi kuingiliwa kwa mashahidi.

Tanzania imekwenda mbali zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kama ilivyorekebishwa, inamruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuomba, upande mmoja tu ukisikilizwa, jina na mahali alipo shahidi visitolewe hata kwa mshtakiwa, pamoja na maelezo yanayoweza kumtambulisha. Kwa shahidi hiyo ni ngao nzito. Kwa mshtakiwa ni kupigana gizani. Mabishano hayo yalivuma mwaka 2025 katika kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu, pale upande wa mashtaka ulipoomba na kupewa amri ya kuwaficha baadhi ya mashahidi, naye akapinga kwa nguvu. Wasiwasi wake si wa kisiasa tu. Katika kesi ya Duško Tadić, mbele ya mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa kivita ya Yugoslavia ya zamani, shahidi aliyelindwa kwa herufi L alisema baba yake amekufa. Mawakili wa utetezi walipochimba wakamkuta mzee yu hai, na ushahidi wote wa shahidi huyo ukatupwa. Nayasema haya si kumtisha shahidi mkweli. Ajue tu kwamba kadiri anavyofichwa kwa mshtakiwa, ndivyo hakimu anavyoyapima maneno yake kwa jicho kali.

*Anayeamua.* Hakimu au jaji, baada ya maombi. Wewe huendi kuomba mwenyewe kaunta. Mwambie mwendesha mashtaka mapema, kabla ya kesi kutajwa hadharani, na sema hofu yako kwa matukio: nani alipita, lini, alisema nini. "Naogopa" peke yake haijazi fomu.

*Inapovuja.* Kwenye ulimi na kwenye karatasi. Niliwahi kukaa benchi la nyuma la mahakama moja, amri ya jina la bandia ikiwa imetolewa juma lililotangulia. Karani akatoka mlangoni na faili, akaita kwa sauti ya kutangaza harusi: jina la kwanza, la baba na la ukoo. Watu wote ukumbini waligeuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na dirisha hakunyanyuka, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Nadhani alifanya jambo la busara kuliko wote siku ile.

Tundu jingine ni hadithi yenyewe. Pazia halifichi kwamba wewe ndiye uliyekuwa unauza mahamri mkabala na geti saa kumi na moja alfajiri. Ukisema hivyo, mtaa mzima umekujua. Mwombe mwendesha mashtaka sehemu hizo zisikilizwe faragha, maana mara nyingi ndizo zinazomtoa mtu kuliko jina.

Amri nayo haiishi kesi ikiisha. Arusha ilitupa mfano mzuri. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliwapa mashahidi majina ya herufi, na chombo kilichorithi kazi zake kikaendelea kuwalinda. Juni 2021 chombo hicho kilimtia hatiani Augustin Ngirabatware kwa kuwaingilia mashahidi waliolindwa katika kesi yake, kikampa kifungo cha miaka 2.

*Inachokugharimu.* Siku ya kortini, usiku kadhaa bila usingizi, na kuulizwa maswali na wakili asiyekupenda. Lakini unabaki na jina lako na chumba chako.

*Uzito.* Mkubwa, hasa pale mshtakiwa anapokujua na amepewa nafasi ya kukuhoji.

Njia ya tatu: kuingia mpango, kuhama, jina jipya

*Siri dhidi ya nani.* Dhidi ya kila mtu aliyekujua, na hapo yumo mama yako. Filamu huruka kipande hicho.

*Anayeamua.* Ombi laweza kutoka kwako, kwa wakili wako, kwa polisi au kwa waendesha mashtaka, lakini uamuzi ni wa Shirika. Linapima uzito wa kosa, umuhimu wa ushahidi wako, ukubwa wa hatari, rekodi yako ya uhalifu, hali yako ya kisaikolojia, na kama kuna njia nyepesi ya kukulinda. Kuwa na hofu kubwa hakutoshi. Lazima ushahidi wako uwe na kazi katika kesi. Ndugu wanaoweza kudhurika kwa sababu yako wanaweza kuingizwa nawe. Akikataliwa, mtu ana baraza la rufaa lililowekwa na sheria hiyohiyo.

Unatia sahihi hati ya makubaliano. Isome mara mbili. Humo utataja madeni yako, kesi zako, watoto na nani ana haki ya kuwalea. Mpango haukufutii deni la mtu wala haukutoi kwenye malezi. Ukidanganya au ukivunja masharti, waweza kuondolewa. Na kuhamishwa si lazima kuambatane na jina jipya. Wengi hufikiri ni kitu kimoja. Kuhama ni hatua ya utawala. Jina jipya linahitaji amri ya Mahakama Kuu, isikilizwe kwa siri, ili msajili wa vizazi au ndoa aweze kuandika rekodi mpya. Sheria ya Tanzania ya 2015 nayo inalinda mashahidi, lakini huko hakuna shirika linalojitegemea la namna ya Kenya la kumhamisha mtu na kumsimamia.

*Inapovuja.* Kwenye M-Pesa. Nasema kweli. Unahama, unakodi chumba mji usiokujua mtu, unakuwa Bi fulani mpya. Jioni unanunua unga, unalipa kwa laini yako ya zamani, na kabla hujamaliza kutuma, skrini inaonyesha majina. Muuza duka naye amepata ujumbe wenye jina la kale. Ndiyo maana kuikabidhi laini ni miongoni mwa mambo ya kwanza, na ndiyo maana wengi huvunja sharti hilo mapema: akiba iko humo, chama kimo humo, picha za watoto zimo humo.

Kisha kuna vyeti. Cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kina jina la zamani, na bila cheti huajiriwi. Kuna lafudhi pia. Kenya jina na matamshi ni ramani ya kwenu, na Mgiriama aliyehamishiwa Nyeri ataulizwa swali kabla hajamaliza kusalimia. Nchi ndogo haina misitu ya watu kama Marekani, ambako maofisa wa serikali kuu waitwao U.S. Marshals wameendesha mpango wao tangu 1971 katika majimbo 50. Na kuna watoto: kijana wa miaka kumi na minne ataingia TikTok.

*Inachokugharimu.* Hapa niseme taratibu. Utaacha biashara iliyokujengea nyumba. Utapata posho ya kujikimu, isiyokusudiwa kukutajirisha. Hutaenda kwenye msiba. Kwetu asiyekwenda kuzika ana kesi nyingine kwa ukoo, na hiyo haina wakili wala rufaa. Ukiwa na mchumba asiyetaka kuingia, mmeachana. Watu hutoka kwenye mpango kwa hiari yao kwa sababu hizi, wakijua hatari bado ipo, na siwezi kuwaita wajinga.

*Uzito.* Mkubwa kabisa, maana kwa kawaida utasimama kortini na mshtakiwa atakujua. Kinachofichwa ni pale utakapolala usiku ule na miaka inayofuata.

Kulingana na hali yako

Mhusika mkuu hakujui, jambo limeacha karatasi, na kuna wengine kazini wanaoweza kulithibitisha: anza na taarifa bila jina. Tumia laini au kompyuta isiyo yako, usitume waraka ulio nao peke yako, na weka kumbukumbu ya tarehe mahali pengine, endapo siku moja utaamua kusimama.

Ni kosa la kingono, au shahidi ni mtoto: njia ya pili, na uombe faragha tangu siku ya kwanza. Huko sheria iko upande wako waziwazi.

Mshtakiwa anakujua lakini hana watu wa kumtuma, kwa mfano jirani mmoja mlevi au bosi aliyekwisha kufutwa: njia ya pili hutosha mara nyingi, pamoja na masharti ya dhamana yanayomkataza kukukaribia. Kumhamishia mtu kama huyo mkoa wa mbali ni kutumia shoka kuua mbu.

Mshtakiwa ana watu, fedha au sare, nawe ndiye shahidi wa pekee au mmoja wa wachache: ongea na Shirika kabla hujaandikisha maelezo kamili. Hatari ikiwa ya leo usiku, sema hivyo. Kuna ulinzi wa muda wakati tathmini inaendelea. Uliza kama kuhama bila kubadili jina kunatosha.

Una wazazi wagonjwa wanaokutegemea au malezi ya pamoja na mzazi mwenzio: weka hayo mezani kabla ya kutia sahihi hati. Kwa wengine jibu hapo limekuwa ulinzi wa nyumbani na kinga ya kortini badala ya kuhama, na wakili anayejua kazi yake anaweza kuliomba hilo.

Uko ughaibuni na kesi iko nyumbani: uliza kuhusu video kwanza. Wewe umbali unakulinda. Walio hatarini ni ndugu waliobaki kijijini, na ombi la kinga liwataje.

Kwa hali yoyote utakayokuwa nayo, mpelelezi akikusukumia karatasi uweke sahihi, itazame juu kabla ya chini. Kwa kawaida hapo kuna jina lako, namba ya simu na mtaa unaoishi, na nakala ya maelezo hayo hupewa wakili wa mshtakiwa. Omba viandikwe kwenye karatasi ya pekee ibaki faili la ndani. Akisema haiwezekani, usiweke sahihi bado. Mwombe akuitie mwendesha mashtaka.